Swichi inawaka lakini mtandao haushiki? Anza na taa za poti

Kazi zangu nyingi ni za maofisi madogo hapa Dar, na simu ni ileile kila siku, "fundi intaneti imekata". Nikifika nakuta washaizima na kuiwasha swichi (kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa waya kwenye kompyuta) mpaka wamechoka, wengine washaulizia bei ya mpya. Usinunue kitu kwanza jamani, inama uangalie taa ya poti, yaani tundu la swichi unapochomekwa waya.

Kama imezimika kabisa hamna haja ya kuhangaika na IP (namba ya anwani ya kompyuta kwenye mtandao), shida ipo kwenye waya, kichwa chake, poti au kadi ya kompyuta. Leta waya unaojua ni mzima uchomeke poti ileile, isipowaka ndo uhame poti. Badilisha kimoja kimoja, maana ukibadili vyote kwa mpigo hata ikikubali hutajua kibovu kilikuwa kipi. Urefu usizidi mita 100, na zile waya za bei chee za alumini iliyopakwa kopa juu mi hata bure sizitaki, zinakatika ndani kwa ndani afu nje safi kabisa. Ukiona poti ya giga (kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde) inasoma 100 tu, mara nyingi jozi moja ya nyuzi za ndani ya waya imekatika, kwa sababu 100 inatumia jozi 2 na giga inataka zote 4. Krimpi upya, yaani kata kichwa ubane kingine.

Taa inawaka ila hupati kitu? Andika ipconfig kwenye Command Prompt ya Windows. IP ikianza na 169.254 ujue DHCP, huduma inayogawa IP, haijakupa anwani. Ila kama ofisi mnatumia 192.168.10 afu wewe umepewa 192.168.0, hapo kuna mtu kaleta ruta yake ya nyumbani kaichomeka upande wa LAN (matundu ya mtandao wa ndani) ili apate waifai, na sasa inawagawia IP watu wasiohusika. Na hakuna atakayekwambia ni yeye, we pita meza kwa meza uchungulie chini.

Inayotisha zaidi ni lupu. Mtu kafagia, kaona waya unaning'inia, kauchomeka ukutani kwa roho safi kumbe ule upande mwingine nao uko kwenye swichi hiyohiyo, basi broadcast (jumbe zinazotumwa kwa kila kifaa) zinazunguka bila kuisha, taa zote zinapepesa kwa pamoja kama disko na ofisi nzima imelala. Swichi ndogo zisizo na STP (kinga ya swichi dhidi ya lupu) hazijui kujikinga. Chomoa waya mmoja mmoja mpaka taa zitulie, wa mwisho uliochomoa ndo ufuatilie unakoenda.

Kwenye swichi za Cisco piga amri ya show interfaces status. Ikisema err-disabled, yaani swichi yenyewe imeifunga poti, toa kwanza kilichosababisha, ndipo uizime na kuiwasha poti hiyo kwa amri za shutdown na no shutdown, la sivyo itajifunga tena. Na ukichomeka kompyuta ukaona taa ya chungwa kwa kama sekunde 30 usianze kuchomoa chomoa, hiyo ni STP inakagua, wala sio ubovu, ukichomoa inaanza kuhesabu upya.