Warsha ya mifugo na kilimo: niende au nibaki nasoma?

Mdogo wangu, umeuliza kama warsha ya siku moja Chuo Kikuu cha Makerere inastahili kukukatizia maandalizi ya mtihani wa kidato cha sita. Nenda! Udaktari wa mifugo ni miaka 5, na wengi huuchagua kwa kupenda wanyama tu, bila kujua kwamba kemia na bayolojia hazikuachi. Wakiwapeleka Kabanyolo, shamba la chuo, vaa gambuti, kaa mbele. Omba kushika ng'ombe, umwangalie kupe masikioni, maana huyo ndiye anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaomaliza ndama wetu. Harufu ya zizi ikikushinda, kilimo kina udongo, mbegu na kahawa pia. Wabane wanafunzi wa huko, si wahadhiri pekee: waulize mafunzo ya vitendo wanafanyia wapi, na nani hulipa nauli.