Banda Limejaa Miche na Mei Bado

*Shikamoo mama. Mwaka jana nilipata alotimenti hapa Leicester baada ya kusubiri miaka mitatu, na aliyekuwa nayo kabla yangu aliniachia banda la vioo, futi 6 kwa 8. Tangu mwisho wa Februari nasia mbegu tu. Sasa ni katikati ya Aprili na nina nyanya trei nne, maboga, bamia, pilipili, sukuma wiki, vitunguu, njegere na saladi. Rafu zimejaa, trei nyingine ziko chini, na mlango naufungua nusu. Juzi trei nzima ya nyanya imelala: asubuhi miche ilikuwa imesimama, jioni imeanguka kama imefyekwa. Iliyobaki imerefuka, myembamba kama nyuzi. Nitoe nini, nibakize nini? Usiku bado ni baridi, naogopa kuitoa nje. – Mama S., Leicester*

Marahaba mwanangu, na pole kwa trei hiyo. (Kwa wasomaji wa nyumbani: alotimenti ni kipande cha ardhi ambacho mtu wa mjini anakodi, mara nyingi kwa halmashauri, ili alime chakula cha familia. Sheria ya mwaka 1908 inazipa halmashauri za Uingereza wajibu wa kutoa viwanja hivyo, na mpaka leo foleni ni ndefu. Kwa hiyo Mama S. hachezi, amekisubiri kiwanja hicho.)

Tuanze na walioanguka. Chukua mche mmoja uuweke kiganjani, utazame pale shina lilipogusana na udongo. Utaona pamesinyaa na kuwa kahawia, kama mtu amepafunga uzi akaukaza, na juu yake majani bado mabichi kabisa. Hicho ni kinyausi, kile kile tulichokuwa nacho kwenye vitalu vya kabichi Lushoto. Vimelea vyake vinaishi udongoni na kwenye maji yaliyotuama, na vinapenda vitu vitatu ambavyo banda lako linavyo vyote: unyevu, msongamano, na hewa isiyotembea.

Mche ulioshikwa hauponi. Usihangaike kuuinua wala kuuchomekea kijiti. Toa trei hiyo na udongo wake wote, na udongo huo usiutumie tena kusia. Trei ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Kisha badili namna unavyomwagilia. Acha kunyunyiza juu ya majani jioni. Asubuhi weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, iache inywe kutoka chini, na ukiona uso wa udongo umebadilika rangi, itoe ichuruzike. Kwa miche michanga tumia maji ya bomba. Yale ya pipa la mvua ni mazuri kwa mimea mikubwa, lakini pipa lililokaa majira yote ya baridi na majani yaliyooza ndani yake linaweza kukuletea kinyausi nyumbani kwa mkono wako mwenyewe.

Na huo mlango, mwanangu, ufunguke wote. Naumia kusema haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa pili hapa Reading nilifunga banda Jumamosi moja ya Aprili, nikaenda harusini. Asubuhi kulikuwa na ukungu, nikadhani baridi itaendelea. Saa tano jua likatoka. Niliporudi jioni, kipimajoto kilionyesha kuwa mchana joto lilifika nyuzi 41, na bilinganya zangu zote zilikuwa zimekauka kama karatasi. Banda dogo la vioo lina joto la jangwani mchana na baridi ya mlimani usiku wa siku hiyo hiyo. Kila asubuhi isiyo na barafu fungua, na funga kabla jua halijazama.

Sasa nani atoke. Nafasi utaipata haraka ukijua kwamba nusu ya miche yako haikuhitaji banda tangu mwanzo. Njegere, vitunguu, sukuma wiki na saladi zinavumilia baridi, hata barafu nyepesi, zikizoeshwa. Kuzoesha si kutupa nje. Siku mbili tatu za kwanza ziweke mchana pembeni mwa ukuta pasipo upepo mkali, usiku uzirudishe. Baadaye ziache nje usiku pia, ukizifunika kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani. Siku kumi hivi zinatosha, kisha zipande shambani. Angalia tu koa, maana sukuma wiki changa wanaimaliza kwa usiku mmoja. Mimi hutoka na tochi baada ya isha nikawaokota.

Maboga uliwahi mno. Mche wa boga unahitaji wiki tatu au nne tu ndani, na Leicester barafu inaweza kurudi hata katikati ya Mei na zaidi. Mimi sisii boga kabla ya wiki ya mwisho ya Aprili. Hayo yako yatakuwa yameshaanza kushikana mikono. Bakiza mawili, mengine yaondoe, na usie upya mwishoni mwa mwezi, mbegu moja moja kwenye kikopo. La mwezi wa nne litalifikia la mwezi wa tatu, tena litakuwa na afya zaidi.

Nyanya ndizo zitakazokuliza. Banda la futi 6 kwa 8 likishapandwa linabeba nyanya sita, nane ukibana. Wewe una trei tatu zilizobaki! Chagua kumi na mbili zenye shina nene na majani ya kijani iliyokolea, ili uwe na za akiba na chache za kupanda nje mwezi Juni. Najua mkono unakuwa mzito. Sisi tumelelewa kwamba kilichoota kimeota, na mara ya kwanza nilipopunguza miche nilisimama pale na mkasi kwa muda mrefu bila kukata. Lakini ukiibakiza yote, yote inakuwa dhaifu. Iliyo mizima weka getini mwa alotimenti na kibao “chukua”, haitafika jioni.

Hizo kumi na mbili zihamishie kila moja kwenye kikopo chake. Shika jani, kamwe usishike shina: jani likichanika mche unaota jingine, shina likipondwa umekwisha. Zile zilizorefuka zizamishe mpaka karibu na yale majani mawili ya kwanza kabisa, kwa sababu shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi. Wala usizipe mbolea ukidhani zina njaa. Zilirefuka kwa kutafuta mwanga, maana rafu ya juu inaipa ya chini kivuli. Panga vikopo hivi kwamba jani la huyu lisiguse la jirani yake.

Pilipili na bamia zibaki, kwenye rafu ya juu kwenye joto na mwanga. Bamia mbili au tatu tu, na uzikuzie humo humo bandani mpaka mwisho. Hazitazaa kama za Tanga, lakini mchuzi mmoja mmoja utapata.

*Bibi, mimi naishi ghorofani Glasgow, sina bustani. Nimesia pilipili mbuzi kwenye kikopo dirishani, leo siku ya 12 hakuna kitu. Mbegu ni mbovu? – Kijana wa ghorofa ya tatu*

Usizifukue. Pilipili mbuzi ni mzito kuota kuliko pilipili nyingine, wiki tatu ni kawaida, nne huwa inatokea. Kinachomchelewesha ni ubaridi wa hapo dirishani. Anataka nyuzi 25 mpaka 30 udongoni, na usiku, pazia likifungwa, kikopo kinabaki upande wa kioo peke yake na baridi. Kiweke karibu na boila (mtambo wa kupashia maji moto nyumbani) au juu ya friji kama pana vuguvugu, ukifunike mfuko mwangavu, udongo uwe na unyevu lakini usilowe. Kagua kila siku. Siku utakapoona kishingo cheupe kimejikunja juu ya udongo, toa mfuko na ukirudishe dirishani siku hiyo hiyo, na usiku ukivute upande wa ndani wa pazia.

*Mama, mdogo wangu anakuja kutoka Dar mwezi ujao. Je, aniletee pakiti za mbegu za mchicha? – Mpenzi wa mchicha, London*

Mwambie asilete. Mbegu za kupanda kutoka nje zinahitaji cheti cha afya ya mimea, bila hicho zinaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege. Nenda kwenye maduka ya watu wa Karibi, au tazama katalogi za mbegu, utafute pakiti iliyoandikwa callaloo. Mara nyingi ndani yake ni mchicha wetu. Lakini soma na jina la kitaalamu, liwe Amaranthus, kwani visiwa vingine jina hilo wanayaita majani ya magimbi. Subiri udongo upate joto, yaani mwisho wa Mei kwa nje. Mbegu ni ndogo kuliko ulezi, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai na konzi mbili za mchanga mkavu ndipo unyunyize, na juu yake pitisha udongo mwembamba sana, kiasi cha kuzificha tu.