Usilipe programu bado, jifanye mashini kwanza

Ndugu yangu, unauliza kama ulipe yule kijana atengeneze programu ya kuagiza makala (mkaa) kwa simu, chukudu (kigari cha mbao cha kubeba mizigo) inaleta mpaka nyumbani, ao ujaribu kwanza. Mi naona ujaribu, tena bila programu yoyote.

Kamata namba moja, waambie wamama kama 5 hivi wa Himbi na Katindo, hapa Goma, watume mesaji "1" kwa gunia, "2" kwa nusu, kisha weye mwenyewe unajibu kama vile mashini njo inajibu, maneno yale yale kila mara, usiongeze salamu ju ukisalimia tu watajua ni mutu. Kampuni ya kompyuta IBM walifanya hivyo miaka ya 1980, mutu anaongea na kompyuta kumbe kuna mwenye kupiga taipu chumba kingine. Na Jeff Hawkins, mwenye alibuni kompyuta ndogo ya mfukoni Pilot (kisha iliitwa PalmPilot), mbele itoke 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni kama njo kifaa chenyewe.

Sasa usiwaulize "mumependa?", watasema ndiyo ju ya heshima. Keti karibu na mama mmoja pale anaagiza, angalia kidole kinasimama wapi, nani anamusomea mesaji. Ni mtoto? Basi mtoto naye ni mutumiaji wako. Mi ningeweka nguvu yote hapo.

Ukimaliza waeleze kwamba ni weye ulikuwa unajibu, hiyo usiruke kabisa. Na mwenye chukudu umuulize pia, ju kama adresi ni "nyuma ya kanisa, geti ya bulu", programu itaandika nini pale?