Malori yanapita, hela inabaki wapi?

SWALI: Mhariri, hapa Mtito Andei kuna vijana wanakaa kando ya barabara ya Mombasa-Nairobi wanahesabu malori eti wanapima uchumi wetu, kwani kuhesabu ndo uchumi? Mwenye kibanda

JIBU: Huo ni mwanzo tu dada. Zile namba zinaingia kwenye kompyuta na jedwali la nani ananunua kwa nani, kazi iliyompa mchumi Wassily Leontief Nobel ya uchumi 1973, yaani dereva akila ugali kwako wewe unanunua unga, wa unga naye analipa vibarua, hela inazunguka. Ila lori lisiposimama mnabaki na moshi tu, na tangu SGR, ile reli ya kisasa ya Mombasa-Nairobi, ianze kubeba makontena 2018 mzigo mwingine hata haugusi lami. Waambie wawaulize madereva wanalala wapi na wananunua nini, hesabu ya magurudumu peke yake mi siiamini.