Kabla hujakubali kukatwa tumbo, uliza habari za mwaka wa tano

Akina dada wa hapa Kampala wanaonijia kuuliza kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito huanza na mambo mawili: bei na kilo. Nilifanyiwa wapi kwa shilingi ngapi, na nimepungua kiasi gani. Ni maswali ya haki. Lakini kama una nafasi ya kumuuliza daktari swali moja tu, muulize hivi: mwaka wa tano baada ya upasuaji, nani atakuwa ananipima damu?

Mimi nilifanyiwa ule wa kukata na kuondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba uliopinda kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Aina nyingine inayofanywa sana ni baipasi: sehemu ya juu ya mfuko inatengwa iwe kifuko kidogo, kisha kinaunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kinapita njia ya mkato. Watu hudhani kazi yake ni kubana nafasi tu. La. Homoni za njaa na shibe nazo hubadilika. Ghrelini, ile inayochochea njaa, hutengenezwa zaidi katika sehemu niliyoondolewa mimi, na ikipungua njaa nayo hupoa. Naanza na hili kwa sababu nimechoka kusikia mtu mnene akiambiwa ni mlafi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta karibu mwanamke 1 kati ya 4 nchini Uganda ana uzito uliozidi. Robo ya wanawake wa nchi nzima hawawezi kuwa walafi.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana upasuaji huu umefuatiliwa kwa miaka mingi. Wasweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa 2,010 waliofanyiwa upasuaji pamoja na wengine 2,037 wanene kama wao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Waliofanyiwa baipasi walipungua wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 punguzo lilikuwa limebaki asilimia 25. Tafadhali isome tena hiyo namba ya pili. Uzito kurudi kidogo ni jambo linalotarajiwa, na ukirudi usikubali mtu akuambie umeharibu kazi ya daktari. Wale wasiofanyiwa, kwa miaka hiyo yote, uzito wao haukusogea zaidi ya asilimia 2 au 3. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliofanyiwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao, ingawa bado hawakufikia umri wa watu wa kawaida.

Kwa wenye kisukari, jaribio la Marekani la wagonjwa 150 lilitoa matokeo ya miaka 5 mwaka 2017. Kipimo kilikuwa ule wastani wa sukari ya miezi mitatu, kushuka hadi asilimia 6 au chini yake. Kati ya waliotumia dawa peke yake, waliofikia kipimo hicho ni asilimia 5 tu. Waliofanyiwa upasuaji kama wangu asilimia 23. Wa baipasi asilimia 29. Ni tofauti kubwa, lakini ona pia kwamba zaidi ya theluthi mbili ya waliokatwa hawakufika pale. Anayekuambia upasuaji unaondoa sukari moja kwa moja anakuuzia.

Ninachowasisitizia wenzangu zaidi ni vitamini. Baada ya upasuaji huu mwili hupokea kidogo mno madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu, na vidonge vyake ni vya maisha, si vya miezi. Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Mwanamke anayepata hedhi kila mwezi, akaugua malaria mara kwa mara, akala matoke na chai bila nyama, damu yake huwa iko chini hata kabla ya kisu. Mimi hunywa kidonge cha chuma asubuhi na cha kalsiamu jioni, kwa sababu vikinywewa pamoja kimoja humzuia mwenzake. Hesabu gharama ya vidonge hivyo na vipimo vya damu vya kila mwaka ndani ya bei ya upasuaji, tangu mwanzo. Wapo wanaosafiri India, wanakatwa vizuri kabisa, wanarudi Entebbe na barua ya kurasa mbili, basi. Ukienda huko, kabla ya kupanda ndege mtafute daktari wa hapa atakayekupokea, na akubali kwa mdomo wake.

Kuhusu chakula, karamu ndizo zitakazokujaribu. Katika harusi moja Bombo shangazi alinijazia sahani: pilau, kuku, matoke juu yake. Nilichukua kipande kidogo cha kuku kwanza, kwa sababu protini ndiyo hutangulia, nikakitafuna hadi kikaisha mdomoni, nikaweka kijiko chini, nikangoja. Maji sikugusa mpaka muda ulipopita. Baada ya vipande vichache nikawa nimeshiba. Shangazi akakasirika, akasema nadharau mikono ya wapishi. Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo nakupa kwa magoti, lakini tumbo langu lina daktari wake." Siku hizi ananifungia cha kubeba. Posho kavu, yaani ugali, na nyama isiyotafunwa hukwama kifuani, mate yakajaa mdomoni, ukatamani ardhi ikumeze. Mchuzi wa karanga, samaki laini, maharage yaliyopikwa yakaiva sawasawa: hivyo hupita.

Halafu jiandae kwa maneno ya watu. Nchi iliyopitia UKIMWI wa Rakai wa miaka ya 1980 haisahau, na mtu akikonda haraka hapa bado wananong'ona silimu, jina letu la ugonjwa huo. Nywele nazo hukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa kawaida huota tena, lakini kwa jirani huo ni ushahidi tosha. Chagua watu wachache utakaowaeleza ukweli, wawe ndio wanaokujibia sokoni na msikitini. Usibaki peke yako. Siyasemi haya bure: utafiti mkubwa wa Utah uliotolewa mwaka 2007 ulikuta vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40 kwa waliofanyiwa baipasi, lakini vifo visivyotokana na magonjwa, yaani ajali na kujiua vikiwemo, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Moyo uliokuwa ukitulizwa na chakula hutafuta pa kutulia. Mwenye huzuni ya zamani aanze kuzungumza na mshauri kabla ya upasuaji, si baada.

Kwa wanaokunywa, pombe baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kupanda juu kuliko zamani, na watafiti wa Marekani walikuta matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji. Mwaka wa kwanza watu huwa waangalifu. Ni baadaye, sherehe zinaporudi, waragi hugeuka hatari.

Dawa za maumivu pia. Diklofenaki na ibuprofeni tunazinunua hapa kama peremende, duka lolote, bila cheti. Aliyefanyiwa baipasi zinaweza kumtoboa vidonda pale tumbo lilipounganishwa. Mwambie muuza dawa kila mara, hata kama kuna foleni nyuma yako.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, kwa sababu ya maji: tumbo dogo haliwezi kupokea kwa usiku mmoja maji ya mchana mzima. Muulize wako, na umuulize shehe wako kuhusu kulipa siku hizo. Na mwanamke anayetaka mtoto asubiri miezi 12 hadi 18. Uzito ukishuka mayai huamka, mimba huingia kwa waliokuwa wamekata tamaa, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea. Bora kijiti au kitanzi.

Mwisho, hili mfahamishe unayeishi naye. Ukitapika mfululizo siku kadhaa, miguu ikafa ganzi, ukayumba unapotembea au ukaona kitu kimoja kama viwili, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Huenda ni upungufu wa vitamini B1, na ubongo huumia upesi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo, ili akupe hiyo vitamini kabla ya dripu ya glukosi.