Uliza Ujibiwe: Vitu vya Tanzania tunavipataje?

Toleo lililopita tuliomba mtuandikie kuhusu kununua vitu vinavyotengenezwa hapa hapa nchini, na meseji zimekuja nyingi kuliko kurasa tulizopewa, kwahiyo nimechukua zile ambazo swali lake limeulizwa na watu wengi. Ambao hamjaona majina yenu msikasirike, someni majibu ya wenzenu maana mengi yanafanana.

Shikamoo mama. Mimi ni mama wa nyumbani Tabata. Mwaka huu tumekubaliana na mume wangu tujitahidi kununua vitu vya Tanzania, ila nikiingia supamaketi nachanganyikiwa. Mtu kaniambia niangalie bakodi ikianza na 620 basi ni ya hapa. Ni kweli? Na alama ya TBS je?

Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Hiyo ya 620 imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka na miaka na ina ukweli nusu. 620 ni namba ya mwanzo kwenye bakodi za kampuni zilizojisajili na GS1 ya Tanzania, yaani shirika linalotoa bakodi, kama 616 ilivyo ya Kenya. Inakuambia kampuni imechukulia bakodi nchi gani, basi, haikuambii kitu kimetengenezwa wapi. Mtu anaweza akaleta biskuti kontena zima kutoka nje akazifungasha hapa kwa bakodi yake ya 620, na wakati huohuo kuna mama anasindika pilipili nzuri kabisa Morogoro na chupa zake hazina bakodi hata moja.

TBS nayo ni jambo jingine. Lile shirika lipo tangu 1975 na kazi yake ni viwango, yaani kitu kiwe salama na kiwe na ubora unaotakiwa. Alama yake itafute kwa ajili ya afya ya watoto wako ila usiisome kama cheti cha kuzaliwa cha bidhaa.

Sasa fanya hivi, geuza pakiti. Achana na mbele kwenye picha ya twiga na Mlima Kilimanjaro na jina tamu la Kiswahili, hivyo yeyote anaweza kuchapisha. Nyuma kuna maandishi madogo ambayo mara nyingi yako kwa Kiingereza. Ukiona "Manufactured by" halafu jina la kampuni, sanduku la posta na mji, huyo ndiye mtengenezaji. "Packed by" wamefungasha tu, "Distributed by" wanasambaza tu, na "Imported by" inajieleza yenyewe. Chukua kopo la kahawa ya Africafe uligeuze, utakuta Bukoba, maana kiwanda cha TANICA kiko kulekule kwenye kahawa yenyewe.

Ila kuna kitu ambacho lebo haikuambii moja kwa moja na hapo ndo nataka utulie kidogo, nacho ni malighafi. Mafuta ya kula ndo mfano mkubwa. Kuna viwanda Dar vinaagiza mafuta ghafi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, vinayasafisha hapa, vinaweka kwenye ndoo na zinaandikwa zimetengenezwa Tanzania na ni kweli, kuna vijana wetu wameajiriwa pale na kodi inalipwa. Lakini mkulima wa Singida hapo hajapata hata mia. Kama nia yenu hela imfikie na mkulima basi nunueni ya alizeti, angalia sehemu ya viambato paandikwe alizeti peke yake. Na ukipata mtu wa kukuletea toka Singida au Dodoma muagize kipindi cha mavuno kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba hivi, bei inakuwa imeshuka. Tena mwambie akachukue kwenye mashine wanapokamulia asinunue yale madumu yaliyopangwa barabarani yanapigwa jua kutwa nzima, jua linaharibu mafuta hata kama yalikuwa mazuri namna gani.

Sukari ni rahisi zaidi. Kilombero ndo wenye chapa ya Bwana Sukari, TPC wako Moshi, kuna Kagera, kuna Mtibwa. Ukinunua ya kupima kwa Mangi, muombe tu akuoneshe mfuko aliochotea, hawakatai, na akizoea kuulizwa na wateja watatu wanne ataanza kuchagua mwenyewe anachoenda kubeba kwa jumla.

Dada habari, sisi ni kamati ya kitchen party hapa Mwanza, tunataka sare za vitenge vilivyotengenezwa Tanzania. Tumemtuma mtu Kariakoo kila muuzaji anasema chake ni cha hapa. Tutajuaje?

Nzuri dada zangu, na hili swali nimelipenda mno. Mtu wenu akiwa dukani asihangaike na maua, afungue kitambaa asome ukingoni, pale pembeni kabisa kuna maandishi yanajirudia urefu wote wa kitambaa. Vlisco ni Uholanzi. Hitarget ni China. Maneno kama wax, super, java hayo ni majina ya aina ya chapa, hayasemi nchi, hata yakiandikwa kwa herufi za dhahabu. Vya hapa tafuteni majina ya viwanda vya hapa kama 21st Century ya Morogoro, Nida, au Karibu Textile ya Mbagala. Kanga hivyohivyo, jina la kiwanda linakuwa kwa herufi ndogo ukingoni. Kitambaa kisicho na jina la kiwanda popote, kiache.

Halafu aombe kipande kidogo au avute nyuzi mbili tatu pale kwenye mkato achome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na majivu yake ukiyafikicha yanakuwa unga. Poliesta inayeyuka inajikunja inakuwa kidonge kigumu cheusi. Haithibitishi nchi lakini inawaokoa na kitambaa kitakachowachemsha ukumbini.

Niwaambie ukweli, chaguo la rangi kwenye vya hapa ni dogo kuliko vya nje, kwahiyo msisubiri wiki mbili kabla ya shughuli. Ulizeni mapema, nunueni kwa jora sio kwa kipande kipande, na mchukue vyote siku moja maana mzigo ukiisha ule mwingine unaweza kuja rangi imetofautiana na mkaonekana kamati mbili.

Na nyie mko Mwanza, mmezungukwa na pamba. Simiyu, Shinyanga, Geita, mpaka hapo kwenu kwenyewe. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ikishachambuliwa inapanda meli kwenda nje ikiwa robota, halafu inaturudia ikiwa nguo. Mama zetu wanaikumbuka Mwatex ya hapo Mwanza, na Mutex ya Musoma, na Urafiki ya Ubungo iliyoanza 1968, walivaa kanga za viwanda hivyo wakatubebea mgongoni. Mi huwa inaniuma sana hii habari na ndo maana nasema sare ya wamama wa kamati moja sio jambo dogo, ni majora kadhaa kwa mara moja, muuzaji wa jumla analiona hilo kwenye daftari lake.

Mkikosa kabisa rangi mnayotaka fikirieni batiki. Hapo mnaongea na mtu anayepaka rangi mwenyewe, mnachagua rangi, mnachagua ua, hela mnampa mkononi. Muulizeni kitambaa cheupe anachotumia kimetoka wapi na ni pamba asilimia ngapi. Kabla ya kulipia yote chukueni kitambaa cheupe kilichoroweshwa msugue sampuli ya batiki yenyewe, ikichuja sana mwambieni airudie.

Kaka nina hela ya kitanda na kabati, wife anataka vya dukani vile vya kung'aa, mimi nataka nikachongeshe kwa mafundi wa Keko. Ila naogopa kupigwa. Nipo Kigamboni.

Mimi ni dada sio kaka, ila karibu. Nenda Keko, na nenda na mkeo, hiyo ni muhimu kuliko yote nitakayokuambia.

Vile vingi vya kung'aa ni mbao za unga uliobanwa kwa gundi halafu zimebandikwa karatasi yenye michoro ya mbao. Vikiingiwa na maji vinavimba, na ukihama nyumba mara moja skrubu zinalegea hazikazi tena. Mninga, ile mbao ngumu ya kwetu, ukiutunza unamwachia mtoto.

Kuhusu kupigwa, wizi mkubwa ni kupakwa rangi. Paini ya Sao Hill kule Mufindi ni mbao nzuri tu kwa kazi zake lakini ni nyepesi na bei yake ni ya chini, sasa wapo wanaoipaka vanishi ya rangi ya mninga wanakuuzia kwa bei ya mninga. Dawa yake ni kuangalia pasipopakwa. Vuta droo itoe yote, igeuze uangalie chini na nyuma. Inama uangalie chini ya chaga za kitanda. Nyanyua upande mmoja, mninga ni mzito, utausikia kwenye kiuno. Na kama unachongesha mwambie fundi kabisa kwamba utakuja kuona kazi ikishapigwa msasa kabla haijaguswa na vanishi, fundi wa kweli anafurahi kuulizwa hivyo maana anataka mtu aione kazi yake.

Usilipe yote. Advansi ya kununulia mbao, nyingine ukiona kazi nyeupe, yaani haijapakwa vanishi, ya mwisho kikipakiwa kwenye gari. Andikishaneni hata kwenye karatasi ya daftari: aina ya mbao, vipimo, tarehe. Na muulize mbao imekauka kiasi gani, mbao mbichi ikikaukia chumbani kwako inapinda na milango ya kabati haifungi, hayo malalamiko tunayapata sana na mara nyingi sababu ni haraka ya mteja aliyetaka kitu ndani ya siku tatu.

Asalaam alaykum. Nipo Muscat, asili yetu Unguja. Dada yangu anakuja mwezi ujao, nimwagize nini cha kwetu ambacho kweli ni cha kwetu?

Waalaykum salaam. Karafuu na mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, achukue kwenye duka la ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, yale mafuta yanakamuliwa Wawi huko Pemba. Asinunue karafuu za mtaani kwa mtu asiyemjua, biashara ya karafuu Zanzibar imewekwa mikononi mwa shirika hilo na anaweza kupata usumbufu bandarini bure. Sabuni za mwani toka kwa akina mama wa pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, wanaulima na sabuni wanaitengeneza wenyewe. Korosho zilizobanguliwa kama ana mtu wa Mtwara, maana korosho zetu nyingi zinakwenda India na Vietnam na maganda yake, ukila iliyobanguliwa hapa kuna mama amelipwa kwa kazi ya kuibangua. Vyote viwe vimefungwa vizuri na vina lebo, uwanja wa ndege hawasumbui sana kitu kilichoandikwa.

Shikamoo. Mimi natengeneza siagi ya karanga nyumbani Dodoma, watu wanaisifia sana ila supamaketi wamenikatalia, wanasema sina vibali. Wateja wanaotaka vitu vya Tanzania watanionaje mimi?

Marahaba mdogo wangu. Wewe ndo nilikuwa nakusubiri, maana huku juu wote wanakutafuta na hawajui uliko.

Anza na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ofisi ziko kila mkoa na Dodoma ipo. Shirika hili lipo tangu 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na ukishatambuliwa wanakupa barua ya kwenda nayo TBS, mjasiriamali mdogo akipitia njia hiyo gharama za kuthibitisha bidhaa serikali inambebea mwanzoni. Wengi hawaendi wakiamini alama ya TBS ni ya viwanda vikubwa tu. Kwa karanga usiiruke hiyo hatua hata kidogo, karanga zikihifadhiwa na unyevu zinaota ukungu na ile sumu yake, sumukuvu, haiondoki kwa kukaanga. Nunua karanga zilizokauka vizuri, chambua zilizonyauka na zilizobadilika rangi kabla hujakaanga, na maabara ikipima utauza bila wasiwasi.

Lebo yako iwe na jina lako la biashara, Dodoma iandikwe, viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, na namba ya simu iwe kubwa isomeke. Namba ya simu ndo duka lako. Bakodi itakuja baadae ukishajibiwa na supamaketi, usianze nayo.

Na kwenye Nanenane hapo Nzuguni ingia na banda la SIDO au la halmashauri yako, watu wanapita kwa maelfu na wengi wanakuja wakiwa na nia ya kununua. Wape waonje. Kila anayenunua muombe namba, umuandikie jinsi utakavyomfikishia akiimaliza, hata kama ni kwa basi la kwenda Dar, maana wasomaji wa Tabata hapo juu chupa moja inaisha wiki mbili na hawawezi kungoja mpaka mwezi wa nane mwakani.