Muulize Bwana Shamba: Tembo wamezoea madebe

SWALI: Shikamoo, Bwana Shamba. Ninalima mahindi na korosho huku Tunduru. Usiku wa tatu mfululizo tembo wameingia shambani. Ekari moja na nusu imekwisha, na mahindi yalikuwa yanaanza kukauka. Baba watoto na kijana wetu wanalala dunguni, wanapiga madebe hadi alfajiri, lakini tembo hawashtuki tena. Jirani anasema sasa tuwafukuze kwa mikuki na mbwa. Tufanyeje? Na kifuta jasho cha serikali tutapata?
Mama mkulima, Tunduru

JIBU: Marahaba, mama, na poleni sana. Mikuki na mbwa, hapana! Mbwa akitimuliwa hukimbilia kwa mwenyewe, na tembo yuko nyuma yake. Tembo aliyejeruhiwa naye atamkuta mtu njiani asubuhi, pengine mtoto anayekwenda shule.

Huko kwenu unapita ushoroba, yaani njia ya wanyamapori, wa kutoka hifadhi ya Selous hadi ile ya Niassa, Msumbiji, kwa hiyo wataendelea kuja. Jaribuni pilipili. Twangeni pilipili kichaa kavu, mkiwa mmefunika pua na mdomo, mchanganye na oili chafu ya gari. Pakeni kamba ya mkonge na matambara, mfunge kwenye nguzo kuzunguka shamba, usawa wa kifua. Mvua ikinyesha, pakeni upya. Ila mkizungushia shamba lenu peke yake, tembo watahamia kwa huyo jirani, na nimeshaona undugu ukivunjika kwa jambo hilo. Zungushieni pamoja, mpokezane zamu. Na msiitupe kamba baada ya mavuno. Mabibo yakiiva watarudi.

Kuhusu kifuta jasho, msifyeke mabua yaliyovunjwa. Mwambieni mtendaji wa kijiji leo hii, afisa wanyamapori wa wilaya aje apime. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Lililo chini ya mita 500 halikupewa kitu. Hiyo si fidia, mama. Haifikii hata mbegu, palizi na usiku wote wa dunguni, na sioni kama ni haki kwa mkulima. Hata hivyo, daini.

Mahindi mliyokwisha kuvuna yasikae chumba mnacholala. Tembo hunusa nafaka na kubomoa ukuta wa udongo. Yahamisheni leo, kabla ya magharibi.